Bwana Kenchi na Paa la Mshonaji

Mvua kubwa ikipita, watu wenye akili zao hutoka nje kuangalia kilichosombwa. Bwana Kenchi hutoka kuangalia dari za wenzake. Hupita mtaa kwa mtaa, suruali kaikunja, penseli kaipachika sikioni, akichungulia madirishani bila haya. Akiona doa la maji juu ya kitanda cha mtu, moyo wake hufurahi kama wa fisi aliyesikia msiba zizini.

Tusimwonee: ufundi wa paa aliujua. Aliusomea kwa jasho chini ya mwalimu mkali, kisha akagundua kwamba kuezeka huchosha mgongo, ila kusema hakuchoshi kitu. Basi ufundi akauweka kando, akabaki na ulimi wake na kipande cha bati. Kipande chenyewe kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka unaweza kuchujia chai. Alikificha ndani ya mfuko wa zana, na kila paa alilopanda alishuka nacho mkononi, uso kauinamisha kama mleta tanzia. "Pole sana," husema. "Hiki nimekitoa juu ya kichwa chako." Nusu ya mji ilikuwa imekwisha kukililia kipande kile kile.

Asubuhi hiyo jicho lake lilitua kwa mama mshonaji, mjane wa makamo mwenye cherehani chumba cha mbele. Ndoo na sufuria zilikuwa zimetapakaa sakafuni zikipokea matone, na mama mwenyewe amelalia rundo la magauni ya maharusi kama kuku anayeatamia.

"Hodi, mama. Naona paa lako linalia."

"Linalia tangu marehemu mume wangu aondoke. Nadhani walipendana. Wewe nani?"

"Mkandarasi wa mapaa. Niruhusu nipande. Kutazama si kununua."

Alipanda. Ugonjwa aliuona mara moja: misumari imelegea na vipira vyake vimekauka, mfereji wa maji umezibwa na majani, na pale bati linapokutana na ukuta saruji imepasuka. Kwa fundi mwaminifu hiyo ni kazi ndogo. Bwana Kenchi akashuka na kipande chake.

"Mama, hilo si paa, ni ungo. Mbao nazo mchwa wamekwisha kula, sasa wanakusubiri uwaandalie nyingine. Liondoke lote. Nipe kianzio leo, kesho mabati yatakuwa hapa."

Mama alikipokea kile kipande, akakigeuza kama anavyogeuza kitambaa. Upande wa pili kilikuwa na rangi ya kijani, na paa lake halikuwahi kuonja rangi tangu lizaliwe. Bwana Kenchi angemtazama usoni wakati ule, pengine angejiokoa. Kwa bahati mbaya alikuwa akiutazama mkoba.

"Kianzio kipo, mwanangu," mama akasema, sauti imelainika. "Ila kibanda hiki hakininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni lile ghorofa langu pale kona. Linataka kuezekwa upya lote, na vyumba vya uani pia. Natafuta fundi mmoja nimkabidhi kila kitu."

"Lile la njano?" Macho yakauacha mkoba.

"Lile lile. Juzi alikuja fundi mmoja, kajitolea kunitengenezea kibanda hiki bila ujira, ili niuone mkono wake kwanza. Nikamwambia nitafikiri."

"Bila ujira tu?" Bwana Kenchi akacheka kwa dharau. "Huyo mchoyo, mama. Mimi sitaki ujira, na mabati naleta mwenyewe."

"Na mbao?"

"Na mbao."

"Na mfereji mpya, wa kuzunguka nyumba nzima?"

"Mama, unauliza kama vile hunijui."

"Sikujui, baba. Ndiyo maana nauliza."

Hivyo ndivyo fundi ambaye hajazaliwa bado alivyompandishia dau mtu mzima mwenye akili zake. Ili apate bei ya mabati na mbao, Bwana Kenchi alitoka pale akauza pikipiki yake, aliyokuwa akiipiga mswaki kuliko meno yake mwenyewe. Njiani alijifariji kwamba mvuvi halilii chambo.

Hata hivyo alikuwa na mpango: misumari ya zamani aigonge upya, nyufa azifunike kwa rangi, maisha yaendelee. Lakini mama alikuwa na namna yake ya kupokea kazi. Mshonaji haamini nguo mpaka aigeuze ndani nje. Alitandika shuka jeupe sakafuni, akaketi kando yake, akaita, "Mwaga." Bwana Kenchi akapanda ngazi na ndoo ya maji, akamwaga juu ya bati. Kisha sauti kutoka chini:

"Fumua."

"Mama, ni tone moja tu."

"Na gauni la harusi huwa moja tu. Fumua."

Alifumua. Tone lilipodondoka karibu na mlango, alifungua bati la hapo juu, hapakuwa na kitu. Ndipo akakumbuka alivyofundishwa, kwamba maji ni mwizi, yanaingilia huku yanatokea kule. Akayafuata juu ya mbao mpaka kileleni, akakuta bati la kofia limepinda. Akabadilisha. "Mwaga," mama akasema. Akamwaga. "Fumua." Kuna wakati alijikuta anapiga mluzi huku akigonga msumari, akatazama huku na huku kwa aibu, asije akaonekana.

Siku shuka lilipobaki kavu, mama alizunguka nyumba yake, mikono nyuma, akatabasamu. "Safi, mwanangu. Sasa nenda kalitazame ghorofa."

Alikwenda kwa mbio. Mwenye ghorofa, baba mnene, alitokea dirishani na kitambaa cha kulia chakula shingoni.

"Mama mshonaji? Ndiye aliyenishonea suruali hii. Ghorofa langu kalinunua lini?"

Bwana Kenchi alirudi kwa miguu, na wingu zito likimfuata.

"Mama, lile ghorofa si lako."

"Si langu."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Keti hapo kwenye stuli, tuwe waongo wawili."

"Nitang'oa mabati yangu yote, sasa hivi."

"Ngazi iko palepale. Ila ngoja mvua ipite, utateleza."

Mvua ilikuwa imekwisha fika. Ilipiga bati kwa nguvu, hata cherehani isisikike. Bwana Kenchi aliketi, shingo kainyosha, macho yakitembea kona hadi kona, mbao hadi mbao. Alipata la kumwomba Mungu: limdondokee moja tu, apate pa kuanzia ugomvi.

"Unatafuta nini huko juu?" mama akauliza.

"Tone," akasema kwa uchungu. "Hata moja."

"Hulipati." Mama akakata uzi kwa meno. "Aliyeezeka hapa alikuwa fundi."