Nyimbo Nne, Mkono Mmoja

Jumatatu, 20 Aprili

Sweta nane za shule. Kijani, shingo ya V. Mgongo na kifua tayari, imebaki mikono na shingo. Mwalimu Chesang anazitaka Ijumaa jioni. Akaongeza kwa upole kwamba nikishindwa nisijali, Becky wa sokoni ana mashine mbili za kufuma. Kwa upole! Mashine mbili na hana mtoto.

Mimi nina mashine moja na Abby. Miezi minane, meno mawili. Analala saa nne mpaka saa sita, na hizo saa mbili ndizo kazi yangu yote. Baba yake yuko Mau Narok na trekta ya watu mpaka mwisho wa mwezi.

Saa nne na dakika tano: gitaa! Kwenye ukuta kabisa. Ni jirani mpya, Zeddy, mnoa misumeno kule kwa mashine ya mbao. Anaingia kazini saa sita, kwa hivyo asubuhi yake ni ya bendi ya Waingereza. Vijana wanne, albamu moja, nyimbo kumi na moja, ikiisha inaanza upya. Gitaa zinakimbia kama kuku waliofukuzwa jikoni. Mwimbaji ni kama mtu mwenye homa anayeita mbuzi aliyepotea.

Nikagonga. Nikamwambia kuna mtoto amelala. Akasema woi, pole sana Mama Abby, angebadilisha lakini flashi imekwama ndani ya spika, na kwenye flashi hiyo hakuna kingine. Ati niwape nafasi, hawa watu hawaingii siku ya kwanza. Nikamwambia kwangu wasiingie hata siku ya mwisho.

Abby alilala tu. Lakini angeweza kuamka! Mimi ndiye niliyepoteza hesabu ya mistari mara tatu. Sweta moja.

Jumanne, 21 Aprili

Mpango. Swichi kubwa ya stima ya ploti, ya vyumba vyote vya wapangaji, iko nyuma ya choo. Nimechukua beseni la nepi ili nionekane naenda kuanika. Wimbo wa pili ukiwa katikati, nikazima.

Kimya. Kimya kitamu! Dakika moja. Kisha Abby akaamka akilia kama amekanyagwa. Bahati mbaya tu.

Mzee Hiram, keateka, mwangalizi wa ploti, akatoka akiwa ameshika suruali ya mazishi, mguu mmoja umepigwa pasi na mwingine bado. Kesho anazika shemeji yake. Akaniuliza natafuta nini nyuma ya choo. Nikasema kuku. Akaniangalia. Sina kuku.

Mpango wa pili ni wa akili zaidi. Barua. Nimeokota karatasi iliyokuwa karibu, nikaandika kwa mkono wa kushoto kwamba muziki wa Zeddy unaharibu ploti na upigwe marufuku. Nikaweka sahihi: Wapangaji Wote Wenye Hasira. Nimeisukuma chini ya mlango wa Mzee jioni alipoenda matangani. Sweta moja tena. Lakini kesho kutwa, amani!

Jumatano, 22 Aprili

Mzee bado yuko mazishini. Zeddy akafungulia muziki. Nikang'ata meno, nikaanza mkono.

Sasa sikia. Wimbo wa nne una tarumbeta mwishoni. Tarumbeta ilipolia nikatazama chini: mkono umeisha. Nikapima. Sawasawa! Nyimbo nne nyingine, mkono wa pili, sawa na wa kwanza. Tatu zilizobaki, shingo. Albamu moja, sweta moja, na sijahesabu hata mstari mmoja! Abby analala mdomo wazi, kidole kimoja cha mguu kinacheza.

Albamu mara tatu, sweta tatu. Haki ya Mungu.

Na mara ya tatu yule mwenye homa nikaanza kumsikia. Kiingereza chake anakimeza nusu, lakini wimbo wa saba niliupata: mvua inanyesha tena, basi limemwacha, msichana yuko ndani ya basi. Kumbe kwao ni kama hapa kwetu Elburgon! Saa nane nikajikuta nafua nepi nikiita mbuzi aliyepotea, na Abby anacheka.

Halafu nikakumbuka barua.

Nikakimbia na kijiti cha ufagio, nikapiga magoti kwenye mlango wa Mzee, nikavuta. Badala ya kutoka ikaingia ndani zaidi. Hadi chini ya kitanda, nadhani. Labda hataiona.

Alhamisi, 23 Aprili

Ameiona.

Saa nne: kimya. Saa nne na dakika kumi Abby macho. Nimembeba, nimemnyonyesha, nimemwimbia wimbo wa saba mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayedai kilicho chake. Nilifuma nikiwa naye mgongoni, nikihesabu. Mkono mmoja wa mtu mzima, mwingine wa mwanasesere. Nimefumua yote. Sweta sifuri! Zimebaki tatu na asubuhi moja. Becky lazima ameshapaka mashine mafuta.

Zeddy akapita kwenda kazini. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Akasema hajui alimkosea nani hapa, na kama ni Abby alikuwa anaamka, pole sana, mathe. Niliangalia viatu vyake.

Barua ya pili, haraka. Muziki urudi, ploti imepoa sana. Sahihi: Wapangaji Wote Wenye Furaha. Chini ya mlango.

Dakika kumi, Mzee Hiram huyo mlangoni, barua mbili mkononi. Akazigeuza moja baada ya nyingine. Nyuma: kifua 28, mkono 16, shingo V. Akauliza, "Mama Abby, hawa wapangaji wote wanafuma sweta?"

Nikakiri. Yote. Hata kuku.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema muziki urudi, mwisho saa sita, na Zeddy nimwambie mimi mwenyewe kwa mdomo, si kwa karatasi. Nikamngoja jioni getini, nikamwambia. Akasema tu, "Si nilikuambia hawaingii siku ya kwanza?"

Nimelia kidogo. Kwa shukrani.

Ijumaa, 24 Aprili

Gitaa! Karibuni sana! Abby chali mpaka saa sita kasoro. Sweta tatu.

Mwalimu Chesang alikuja jioni, akalinganisha mikono, akavuta, akatafuta kosa. Hakuna. Akauliza mimi huhesabu vipi. Nikasema ni kipaji. Muhula ujao sweta zote ni zangu, Becky apumzike.

Nimekaa chini. Nimekunywa chai ikiwa moto. Moto!

Jumatatu, 27 Aprili

Zeddy ametoa flashi kwa koleo. Akaniita kwa furaha kunionyesha nyingine: albamu ya pili ya vijana wale wale. Akasema niipe siku nne.

Nimeipa nusu wimbo. Ngoma ni kama sufuria zinazoanguka. Mbuzi amekufa kabisa. Hii si ya kuvumilia, na kuna mtoto.

Nimeshamwandikia Mzee Hiram. Safari hii karatasi ni safi pande zote mbili, hakuna atakayejua.

Wino ni mwekundu; kalamu nimeazima kwa Zeddy.