Meno ya Mwalimu Yaliyoletwa Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Mpeleka vifurushi amegonga saa nne asubuhi. Ameuliza kama hapa ni namba sita. Hapa ni tisa, ila msumari wa juu uling'oka na namba ikapinduka. Nikasema ndiyo! Nikatia sahihi, tena ya mikogo. Juu ya boksi pameandikwa jina la Mwalimu wa ghorofa ya juu, aliyenifundisha darasa la tatu. Nimelisoma vizuri, siwezi kusingizia macho. Boksi dogo, jepesi, limezungushiwa utepe. Nikajiambia hiyo ni simu! Nimefungua kwa kisu cha mkate.

Meno. Safu nzima ya juu, yananichekea.

Jumanne, 4 Machi

Nimekutana na dada yake Mwalimu kwenye ngazi. Anasema Ijumaa Mwalimu anaagwa shuleni, miaka thelathini na minne ya kazi, na hotuba ameshaandika. Bila meno haendi. Amejifungia ndani, anaongea leso ikiwa mdomoni. Nikasema pole. Pole! Na meno yako kwangu, kwenye kikombe.

Ningeyarudisha leo leo. Lakini boksi nimelichanachana, atajua nimefungua. Heri ardhi inimeze kuliko kuangaliwa tena na yale macho ya darasa la tatu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Meno ndani ya boksi la viatu, utepe mpya. Naweka mlangoni, nagonga, natimua mbio.

Nimegonga. Dada mtu alikuwa anatoka na ndoo, akafungua hata sijageuka. Boksi likaenda mgongoni. Akauliza nina shida gani. Nikaomba chumvi. Nimerudi na chumvi na meno. Chumvi ninayo kilo mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtuma fundi viatu wa pale kona. Nimemvika kofia ajifanye mpeleka vifurushi, nimempa boksi na daftari la kusainiwa, maneno nimemkaririsha mara tatu. Akaanguka swali la kwanza. Mwalimu alimuuliza tangu lini daktari wa meno akatumia boksi la viatu vya kiume namba arobaini na mbili. Akajibu hayo amuulize jirani wa chini, yeye katumwa tu. Kweli njia ya mwongo fupi. Yangu haikumaliza hata ngazi.

Mwalimu ameshuka mwenyewe, meno mdomoni. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Hakunigombeza, na hapo ndipo aliponimaliza. Alisema mwanangu, ungegonga tu ukasema umekosea, mimi siku nne nimelia. Siku nne! Sikuwa na pa kuweka uso. Kisha akanipa adhabu: niandike mara mia, kwa mkono wangu, kwamba sifungui mzigo wa mtu. Nina miaka arobaini na mmoja. Nikajibu ndiyo, Mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda kwenye hafla, nikakaa nyuma kabisa. Hotuba ilitoka safi, hakuna neno lililoteleza. Watoto walisimama kupiga makofi. Mwisho akawashukuru majirani zake, mmoja mmoja, hata mimi. Habari ya boksi hakuigusa. Watu wakageuka kuniangalia kwa tabasamu, masikio yakawaka moto. Nimemwibia mtu meno, naye kanisitiri mbele ya shule nzima! Nilitoka nikalia kwenye choo cha wanafunzi, magoti yakigusa mlango. Nimeapa humo humo. Kuanzia leo mimi ni mtu mkweli, basi.

Jumapili, 9 Machi

Adhabu inakusanywa kesho asubuhi. Nimefika mstari wa kumi na nne, kiganja kikaanza kuuma. Fundi viatu anamalizia. Yuko hapa mezani, ulimi nje, anajitahidi kweli. Tatizo mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nimemwambia auharibu kidogo, Mwalimu asije akashtuka.