Kufuli Jekundu na Mayai Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Mayai yangu yameliwa tena! Mawili, ya kuchemsha, pamoja na chumvi yake kwenye karatasi. Mara ya nne ndani ya wiki tatu! Namshuku Kijiko, mwendesha mashine ya kusaga, kwa sababu ya lile tumbo lake. Shemeji, kaka wa mke wangu na fundi umeme mwenzangu hapa kiwandani, kanisikitikia sana. Kasema mwizi wa namna hiyo hana haya. Ana moyo safi, shemeji yangu.

Jumanne, 4 Machi

Akili ninayo! Kila fundi umeme ana kufuli jekundu lenye jina lake. Kabla ya kugusa paneli ya umeme unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako na kutia ufunguo mfukoni, asije mtu akawasha umeme mikono ya mwenzako ikiwa ndani. La mtu haliguswi, hata na meneja. Basi, kufuli langu nimelifunga kwenye kabati langu la chakula, chumba cha mapumziko, na kadi juu yake: HATARI, MTU YUKO KAZINI. Mchana mayai yote mawili yapo! Nimeyala taratibu, nikimkazia macho Kijiko.

Jumatano, 5 Machi

Bi Usalama, msimamizi wetu, kaiona kadi. Kaniuliza huyo mtu aliye kazini ndani ya kabati ni nani. Nikasema kabati lina hitilafu ya umeme. Akasema halina hata waya. Nikasema hiyo ndiyo hitilafu yenyewe. Chumba kizima kikacheka, Kijiko kuliko wote. Kaniamuru nilitoe kufuli, kesho kuna kazi ya paneli kubwa. Nikaitikia vizuri tu. Nitalitoa kesho, baada ya kula.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji ndiye aliyekuwa kwenye paneli. Mimi nilizima swichi kuu. Kufuli liko kabatini, kabati liko mbali, nikaona uvivu. Nikatundika kadi peke yake. Shemeji akaniuliza kama nimefunga. Nikamwambia asiwe na wasiwasi; akaniamini, hata lake hakufunga.

Alipima, umeme hakuna. Akalalamikia joto, akataka kuvua ile kofia nzito yenye kioo, ya kukinga mlipuko wa umeme. Bi Usalama akamkatalia katakata. Shemeji akaingiza spana.

Kijiko akaona mashine yake haina umeme. Akaikuta kadi yangu kwenye swichi, akadhani ni mzaha mwingine kama wa kabati. Akawasha.

Mwanga mweupe, kishindo, mlango wa paneli ukaruka. Shemeji akaanguka chali, kioo cheusi tii, suti ya kinga imeungua kifuani. Niliita jina lake hadi sauti ikakauka. Paneli imekuwa majivu, kiwanda kimesimama. Shemeji kakimbizwa hospitali, na mke wangu kamfuata bila kuniaga. Nastahili.

Ijumaa, 7 Machi

Mzima! Masikio yanavuma, vidole viwili vimeungua kidogo, basi. Daktari kasema bila ile suti na kofia tungekuwa tunaongea mengine. Nikamweleza shemeji yote, nikalia mbele ya wauguzi. Naye akalia. Akasema, kwa kelele maana haisikii sauti yake, kwamba hata yeye ana lake moyoni: mayai alikuwa anakula yeye. Mara zote nne. Wodi nzima imesikia! Nikamsamehe papo hapo. Nikaapa sitacheza na kufuli tena maishani.

Jumatatu, 31 Machi

Shemeji karudi kazini! Paneli mpya. Barua ya onyo ninayo, na kufuli jipya linang'aa. Bi Usalama kasimama kando, mikono kiunoni. Shemeji kafunga kufuli lake kwenye swichi kuu, kisha akanigeukia: lete lako.

Nikapapasa mfuko. Ufunguo upo. Kufuli liko kule kabatini.

Jamani, mtu si ameungama mwenyewe mbele ya wodi nzima? Na leo nilikuja na mayai matatu.