Kocha wa Akina Mama Wasio na Muda

Josephat Machibya alikuwa na pua. Wengine hurithi ng'ombe, wengine shamba la pamba. Yeye alizaliwa na pua ya kunusa mtu anayetaka kitu mpaka aibu imemwisha. Asubuhi hiyo pua ilimsimamisha mbele ya banda la fundi Teodora, Igoma, kando ya barabara ya Musoma, ambako wanawake walikuwa wanapigana na zipu.

Zipu ilikuwa mgongoni mwa gauni jeupe. Ndani ya gauni alikuwa Dorcas, Mama Kija, amevuta tumbo mpaka macho yamemtoka.

"Toa pumzi yote," Teodora akaamuru.

"Ikitoka yote nakufa."

"Kufa kidogo tu. Tukishafunga utafufuka."

Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma kama punda wa Magu. Teodora akafuta jasho. Kupanua gauni hakukuwezekana. Lilikuwa gauni la ukoo, limekuja kwa meli kutoka Nansio kwa dada yake Dorcas, Rebeka. Wanawake wote wa ukoo ule hufunga ndoa nalo, na bibi harusi mwingine alikuwa analisubiri. Mkasi ulikuwa mwiko.

Dorcas akakaa kwenye kigoda, gauni likiwa wazi nyuma kama mlango wa zizi, akaanza kulia kimyakimya. Hakuwa analilia kiuno. Yeye na mumewe Ngosha walikuwa wameishi pamoja tangu Kija hajazaliwa, na sasa Kija anaota ndevu, na ndoa haijabarikiwa kanisani. Ngosha alikuwa fundi wa sababu. Mara mvua, mara bei ya pamba, mara msiba wa mjomba, mjomba ambaye baadaye alikuja kututembelea akiwa mzima na akala kuku wetu. Safari hii alikuwa ameapa mbele ya mchungaji: "Siku gauni likimtosha, twende madhabahuni." Aliapa baada ya kuliona gauni na baada ya kumtazama mkewe. Sisi wanaume wa Igoma tulimpa mkono kwa akili hiyo.

Josephat akapiga filimbi. Daima alitembea na filimbi. Mtu mwenye filimbi hadaiwi cheti.

"Bwana asifiwe, akina mama! Mnamwona huyu dada? Huyu si mnene. Huyu anafanya kazi bila utaalamu."

"Wewe ni nani?" Teodora akauliza, pini zikiwa mdomoni.

"Shikamoo, mama. Kocha Josephat. Mazoezi ya Mama Asiye na Muda." Jina lilikuwa limemjia akiwa anavuka mtaro.

"Marahaba. Muda wa mazoezi tuutoe wapi? Huyu anaamka kabla ya jogoo, akakaange samaki wa kuuza."

"Ndiyo maana! Mama, kuna zoezi gani gym ambalo ninyi hamlifanyi bure? Kufua, kutwanga, kuchota maji, kumbeba mtoto. Kosa ni moja: hampumui kitaalamu. Mwanamke akifua kama Mungu alivyokusudia, anafua nguo na kitambi kwa pamoja."

Hebu tusimame hapa tumvulie kofia. Mji huu umetapeliwa na mabingwa. Nakumbuka sungura waliotakiwa kutujengea maghorofa. Nakumbuka mayai ya kwale ya kutibu kila kitu isipokuwa ujinga. Nakumbuka pia bomba la maji: utepe ulikatwa, picha zikapigwa, bomba likakohoa, likanyamaza, na wake zetu wanapanda mawe na ndoo kichwani hadi leo. Wale wa utepe hatuwaiti matapeli, tunawaita waheshimiwa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufikiria kumuuzia mwanamke kazi zake mwenyewe.

Jumapili Josephat akaletwa kwenye jumuiya, nyumbani kwa Teodora, maana kwetu jambo lisilosemwa kwenye jumuiya halijasemwa. Baada ya sala akawapima wote kwenye mizani ya mpunga, kisha akapanga masharti: nusu ya ada mwanzoni, nusu siku ya kupima, zipu ya Dorcas ikifika juu. Wanawake wa Mabatini walikuwa wametuma ujumbe kwamba zipu ikipanda, nao wanajiunga, mtaa mzima. Josephat aliposikia "mtaa mzima" mate yakamjaa, na mtu mwenye mate mengi huongea zaidi ya alivyopanga.

"Na asiyepungua," akasema, mkono juu ya Biblia ya mwenye nyumba, "nitamrudia somo bure mpaka apungue."

"Amina," wakaitika wote, Teodora kwa sauti kuliko wote.

Somo la kwanza likafanyika uani kwa Dorcas, mbele ya beseni la mashuka.

"Unainama, unavuta pumzi, unasugua, unatoa pumzi," akafundisha Josephat.

Dorcas akainama. Akainuka. "Kocha, sielewi. Sisi watu wa kuona. Tuonyeshe."

Josephat akasugua shuka moja. Wakapiga makofi.

"Mgongo ulikuwaje pale?" Gladness, jirani, akauliza. "Mbona mimi niliona kama umepinda?"

"Haujapinda."

"Rudia basi nione. Mimi kichwa changu kigumu, shuleni nilikaa nyuma."

Akarudia. Beseni likaisha. Likaja la sare za shule, maana sare zina somo lake; likaja la nepi, maana nepi, alisema Teodora kwa upole, ndiyo chuo kikuu. Kesho yake kwa Gladness akaonyesha kutwanga. Kila alipofika mahali pa kusema "sasa ninyi," kulikuwa na mama ambaye pumzi ya mwisho ilimpita. Wanawake wale, ambao wanaweza kukujulisha kuwa mia mbili imepungua kwenye chenji kwa kuisikia ikianguka mfukoni, ghafla wakawa wazito wa kuelewa kuliko mawe ya ziwani.

"Kocha, ndoo unaishika kwa mkono gani?"

"Wowote."

"Ah, tungeona ukiwa mlimani ndiyo tungeelewa."

Akapanda nayo mlimani. Sisi tulikuwa kwenye bao, tukamwona akipita na ndoo kichwani na filimbi shingoni. "Mwangaluka, kocha!" tukamwamkia kwa Kisukuma. Akajaribu kuinama kwa adabu, maji yakamwingia sikioni. Tulicheka mpaka kete zikapotea. Hatukujiuliza kwa nini chakula cha nyumbani kilikuwa kinaiva mapema siku hizi, wala kwa nini hakuna aliyetuita tushike mtoto. Mwanaume akipata raha haulizi imetoka wapi.

Josephat aliuona mchezo wao, tena mapema, hakuwa mjinga. Usiku mmoja alifunga begi lake kabisa. Kisha akamkumbuka Dorcas, akakumbuka zipu, akakumbuka Mabatini, mtaa mzima, akalifungua. Asubuhi akawa kwenye beseni. Namjua mtu aliyezuiwa na pingu na namjua aliyezuiwa na ukuta, lakini tamaa ndiyo gereza pekee ambalo mfungwa hujifungia ndani na kulinda funguo.

Na zipu ilikuwa inapanda kweli. Kwa nini? Unene wa Dorcas haukuwa wa uvivu; ulikuwa unene wa makombo. Mama yule alikuwa hajawahi kukaa chini akala. Alikula amesimama, kijiko kimoja akimwonjea huyu, ugali uliobaki kwa yule, kichwa cha sato kisiharibike, na chai ya sukari nyingi ili asilale kwenye karai la mafuta. Sasa kocha akiwa uani anajifundisha, yeye akakaa mezani na sahani yake mwenyewe. Akala, akashiba, akashangaa kumbe kushiba kuna mwisho. Akalala usingizi wa mtu mzima. Jioni akavaa raba za Kija akatembea mpaka ufukweni na kurudi, mikono mitupu, bila ndoo wala mtoto, bila sababu. Watu wakamsimamisha njiani: "Mama Kija, kuna msiba?" Kwetu mwanamke anayetembea bila mzigo lazima amefiwa.

"Hakuna. Natembea."

"Unaenda wapi?"

"Siendi."

"Na umepungua! Unaumwa? Ngosha anakulisha kweli?"

Ngosha ndiye aliyeanza kuumwa. Akaanza kumletea chipsi.

Siku ya kupima jumuiya ikajaa. Teodora akashika zipu, ikapanda mgongo wote kwa mlio mdogo mtamu, ikafika juu. Dorcas akapumua ndani ya gauni, na gauni likamruhusu. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mchungaji akamtazama Ngosha. Ngosha akatazama dari akitafuta sababu, na dari ya Teodora haina kitu.

"Nusu yangu," Josephat akasema, mkono mbele, umekunjamana kwa kufua.

"Subiri, mwanangu," Teodora akasema. "Wengine hawajapimwa."

Wakapanda tena kwenye mizani ya mpunga, mmoja mmoja. Hakuna aliyepungua. Gladness alikuwa ameongezeka, na akashuka akitabasamu kama aliyepata zawadi.

"Lakini Dorcas amepungua!" kocha akapiga kelele. "Somo linafanya kazi!"

"Mimi sikufanya zoezi lako hata moja," Dorcas akasema taratibu. "Nilikuwa natembea, wewe ukifua. Nakushukuru sana, shemeji. Ila uliapa: asiyepungua anarudiwa bure."

"Amina," wakaitika, akina mama wote kwa pamoja.

Ndoa ikabarikiwa. Ngosha alisema "ndiyo" kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba wa sangara, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu, akasema tena "ndiyo" bila kuulizwa. Nyuma ya kanisa, Josephat alikuwa anasugua masufuria ya pilau. Wanawake wa Mabatini walisimama wakimtazama kwa kumkadiria.

"Huyu mnamkodisha?" wakauliza.

"Tutaongea," Teodora akajibu.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha Josephat. Alfajiri akakimbilia gati la meli ya Nansio.

Habari ikatufikia kabla ya chai, na ilikuja na ujumbe wa wake zetu: kama kocha kaondoka, nafasi yake iko wazi, na wao wamekwisha kuzoea. Tukaruka kwenye pikipiki, Ngosha mbele akiwa bado na suruali ya harusi. Tukamkuta gatini, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba ya filimbi.

"Kocha, usituache!" tukamsihi. "Wewe ni mwalimu wa jamii!"

Josephat akatutazama mmoja mmoja. Polepole, ile pua ikaanza kucheza.

"Ningebaki," akasema kwa huzuni. "Lakini mwalimu naye anakula. Na malipo ni mwanzoni, ndugu zangu."

Tukachanga pale pale. Ngosha alitoa mpaka bahasha za zawadi za harusi. Josephat akapokea kwa mikono miwili, akatubariki, akasema anaingia melini mara moja tu kuchukua begi lake.

Meli ilipokuwa imeshapita mawe ya bandari, alitupungia mkono. Simu ya Ngosha ikaita. Alikuwa Dorcas.

"Mume wangu," akasema, na jina hilo kwa mara ya kwanza lilikuwa na muhuri wa kanisa, "ukiwa unarudi, pitia dukani. Chukua sabuni ya mche."