Posa ya Dakika Nne

Basi siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nakumbuka kwa sababu Jumatano pale Misima hawasagi, mahindi yanalundikana, na siku hiyo mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma mpaka vikombe vinacheza kwenye sinia. Kijiwe chenyewe kipo ubavuni mwa hiyo mashine, ndiyo maana watu wake wote wanaongea kwa kupayuka. Hata mashine ikizimwa wao wanapayuka vilevile. Ukiwakuta msibani wananong'ona, mfiwa anageuka kuangalia nani anagombana.

Mzee Mdoe alikuwa mahali pake, mwisho wa benchi, kikombe cha pili mkononi. Kijiweni wanamwita Wakili, ingawa mahakamani hajawahi kukanyaga, na Mungu amsaidie asikanyage. Jina amelipata kwa ushenga. Amesimamia posa kumi na saba, Handeni yote hiyo mpaka Korogwe, na haijarudi hata moja. Hilo atakuambia mwenyewe kabla hujakaa. Lakini tangu Jumapili alikuwa hasemi. Anakunywa, anaangalia unga unavyotoka, anakunywa tena.

Pembeni yake amekaa Benedicto, ambaye wanamwita Mkonge kwa kuwa babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge Korogwe, akasema anakaa msimu mmoja, na kaburi lake lipo hukohuko. Sasa Mnyamwezi na Mzigua kama Mdoe ni watani, kwa hiyo Benedicto ana ruhusa ya kumsema Mdoe anavyotaka, na Mdoe hana ruhusa ya kununa. Kahawa anauza Raheli. Yeye ni Refa, maana akiona mtu amezidisha kelele anampita na dele la kahawa kama hamuoni.

Ndipo akaja Athuman na bodaboda yake. Huyu ni Redio. Kila siku yupo barabara ya Korogwe, na abiria akimpakia jambo mgongoni, litafika Misima kabla ya abiria mwenyewe. Alisema stendi amesikia taarifa ya habari, msomi mmoja analalamika vijana wanamaliza chuo kikuu hawajui kuongea, kwa hiyo siku hizi wanafundishwa. Muhula mzima, na mtihani juu.

"Kufundishwa kuongea," Benedicto alirudia taratibu. "Watu wazima."

"Watu wazima, Mkonge. Wana ndevu."

Hapo kijiwe kikachangamka. Benedicto alitaka kujua wanaofeli wanakuwa mabubu au wanarudia mwaka. Raheli akasema angejua mapema angefungua chuo palepale, benchi lipo, wahadhiri wapo, tatizo mwanafunzi angemaliza miaka mitatu hajapata nafasi ya kusema hata jina lake. Athuman akadai yeye apewe shahada moja kwa moja bila kusoma. Benedicto akamwambia shahada atapewa siku atakayokaa na habari mpaka jioni bila kuitoa.

Mdoe hakucheka. Kahawa ilikuwa imemchachia mdomoni, na alijua kwa nini. Aliyesoma hayo masomo ni mjukuu wake mwenyewe, Hussein, ambaye amemlea tangu baba yake alipofariki. Na wiki moja tu nyuma, kwenye benchi hilohilo, yeye Mdoe ndiye aliyesimama, alisimama kabisa, akawatangazia kwamba mjukuu wake amepata A ya kuongea. Akaongeza kwamba Jumapili wanakwenda Makuyuni kuposa, na watu wa kule wataona kitu. Tangu warudi, akiulizwa posa imefikia wapi, anajibu inaendelea vizuri.

"Kuna jingine," Athuman alisema, safari hii akivua kofia. "Ila sijui niseme."

"Umeshavua kofia," Raheli akamwambia. "Sema."

Athuman alimuangalia Mdoe, akaangalia chini. Huko Makuyuni, kwa Mzee Hashim, kuna watu wa Mombo wanakwenda Jumapili hii inayokuja. Wanakwenda kumposa binti yake, Rukaya. Wamesikia nyumba ipo wazi, kwamba watu wa Misima walikuja, wakakaa dakika nne, wakaondoka.

Benchi zima likageuka. Unajua benchi likigeuka, hata aliyekuwa amekuja kusaga mahindi tu anageuka.

"Wakili," Benedicto alisema, "hiyo ndiyo inaendelea vizuri?"

Mdoe alijificha nyuma ya kikombe. Aliokolewa, au niseme alimalizwa, maana wakati huohuo Hussein alitokea upande wa ukuta wa mashine akiwa ameinua simu juu. Pale ukutani ndipo panaposhika mtandao. Kijana mrefu, mpole, shati amechomekea. Akawaamkia wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, anamtazama kila mtu machoni mpaka Athuman akaangalia pembeni. Alisema amekuja kutuma kazi ya chuo, mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Mhadhiri amewaambia waandike jinsi walivyokua baada ya lile somo la mawasiliano.

"Tusomee," Benedicto akamwambia. "Sisi nasi ni wadau wa kuongea."

Mdoe alikohoa. Alikohoa mara mbili, kikohozi ambacho kwa mtu wa nyumbani kinaeleweka. Hussein akamuuliza kama anahitaji maji, kisha akaanza kusoma.

Aliandika kwamba zamani alikuwa mtu wa kukatiza wenzake na kubishana. Sasa amejifunza kusikiliza kwa makini, kumtazama anayeongea, na kurudia alichoambiwa ili kuhakikisha ameelewa. Zaidi ya yote amejifunza kuheshimu hapana ya mtu mwingine. Raheli alitikisa kichwa, akasema hilo la mwisho lingetangulia kufundishwa darasa la kwanza. Hussein akaendelea, na hapo mashine ikazimwa, mtu anabadilisha gunia, ikawa kila neno linasikika mpaka barabarani.

"Jumapili iliyopita nilitumia stadi hizi kwenye tukio halisi. Babu yangu, ambaye ndiye mshenga wetu, aliniheshimu akaniachia niongee mwenyewe. Baba wa binti alituambia, hapa hakuna binti, mmekosea nyumba. Nilimtazama machoni nikasema, mzee, ninachokisikia kutoka kwako ni kwamba hapa hakuna binti. Akasema ndiyo. Nilimshukuru kwa uwazi wake, tukaaga. Mazungumzo yalichukua dakika nne na hakuna aliyepandisha sauti."

Benedicto aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Halafu akaanza. Huyo mzee akicheka hatoi sauti, anatikisika tu, machozi yanatoka, na benchi linatikisika naye. Athuman alikwenda kuegemea pikipiki. Hata mwenye gunia alikaa juu ya gunia.

"Naomba nimalizie," Hussein alisema. "Imebaki mistari miwili."

Akasoma. "Inaniuma sana, lakini nimekua. Rukaya amenipigia mara kumi na moja na sijapokea, kwa kuwa kuheshimu hapana ya wazazi ni pamoja na kutosumbua."

Sasa ndiyo Benedicto akaacha kutikisika. Alijifuta macho kwa mkono wa shati, akamsogelea yule kijana.

"Mwanangu. Umewahi kuhudhuria posa wewe?"

Hajawahi. Tangu darasa la tano yupo bweni, kutoka bweni kwenda bweni, likizo analima, anarudi bweni. Ndipo wakaanza kumweleza, wote watatu kwa pamoja, kila mmoja na upande wake. Kwamba mwenye binti hata siku moja hakubali mara ya kwanza, akikubali watu watasema alikuwa anamtafutia pa kumpeleka. Kwamba anakana, mshenga anasema basi tupumzike hapa kivulini tukumbuke nyumba ni ipi, anakana tena, mshenga anaomba maji, na wakati huo wali upo jikoni. Raheli akasema walipokuja kumposa yeye, baba yake aliapa hana mtoto wa kike, na yeye Raheli amesimama palepale anawanawisha wageni mikono.

"Dogo, ile hapana ni geresha," Athuman alisema. "Umezingua."

Hussein alikuwa anatikisa kichwa. Alisema mbona Mzee Hashim alitamka wazi, tena alipomrudia akathibitisha. Ukamuona anavyoanza kulifikiria jambo jingine. Akageukia mwisho wa benchi.

"Babu, wewe ulikuwepo. Ulikuwa unajua?"

Mdoe alikuwa na majibu kama sita, yote ya kiwakili. Aliyatazama moja moja, hakuna lililofaa.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Uliposimama kuaga nilidhani ni mbinu. Nikasema moyoni, hawa wa chuo wana namna yao, akifika mlangoni atageuka. Ukafika mlangoni. Nikasema, atageukia kwenye gari. Gari likawashwa. Tulipovuka daraja pale Korogwe ndiyo nikajua hugeuki."

"Kutoka darajani mpaka hapa ni mwendo, babu."

"Ni mwendo," Mdoe alikubali. "Na tangu Jumapili ni siku nne. Nilikuwa nimekusifia mno, mjukuu wangu. Ningeanzia wapi kusema mimi pia sikukuelewa?"

Hakuna aliyemtania. Benedicto mwenyewe, na haki yake yote ya utani, aliangalia viatu. Raheli ndiye aliyemwambia Mdoe hiyo simu iliyo mfukoni si ya kuangalia saa, watu wa Mombo wanachagua kanzu sasa hivi.

Mdoe ana simu ya batani ambayo sauti yake haishuki, ilianguka kwenye ndoo ya maji ikatoka hivyo. Kwa hiyo alipompigia Mzee Hashim, kijiwe kizima kilikuwa kwenye mazungumzo. Akapokea mwanamke. Alikuwa Bibi Mwaija, mama yake Hashim, mtu ambaye hata mwanawe mwenye mvi anamuogopa.

"Shikamoo mama. Mdoe hapa, wa Misima."

"Marahaba. Kumbe unaongea."

Mdoe akaanza kumwombea kijana radhi. Alizunguka vizuri, ujana, masomo, malezi ya bweni, alikuwa anaanza kupata moto wake wa zamani bibi alipomkata. Kijana hana kosa, alisema. Hashim ana miaka sitini hapa duniani, na hajawahi kusema neno likarudiwa kama alivyolisema. Amependa mpaka anawasumbua, tangu Jumapili akiagiza chai anataka na wao wamrudie alichoagiza. Mtoto ana adabu, ameambiwa hakuna akakubali, hakubishana na mwenye nyumba.

"Mwenye kosa ni wewe," Bibi Mwaija alisema. "Mshenga umekaa pale kama gunia. Mshenga akinyamaza, kwetu na kwenu maana yake nini?"

Mdoe alijua. Posa kumi na saba, angekosaje kujua.

"Maana yake waliomtuma hawamtaki binti."

"Basi ndivyo tulivyosikia. Babu hamtaki mtoto wetu. Tumekaa na majogoo wawili kwenye sufuria tunatazamana. Na Rukaya huku anapiga simu, haipokelewi."

Hussein aliketi juu ya kinu kibovu kilichopo pale ukutani. Mdoe alimtazama, akamtazama Benedicto, akabadilisha simu sikio, ingawa sikio halikuwa na kazi yoyote na sauti ile.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupayuka. "Nilinyamaza kwa kuringa. Nilitaka mwone mjukuu wangu anavyoongea. Binti tunamtaka. Tunamtaka sana, na huyu mtoto hapati usingizi."

Athuman akasogea karibu, kofia bado mkononi.

"Hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka Misima," Bibi Mwaija alisema. Akataja Jumamosi, baada ya alasiri, na gari lao lisije likawashwa tena kabla watu hawajala.

Oh, basi kijiwe kikalipuka. Benedicto alisema anakwenda, posa bila mtani ni mkutano wa kijiji. Athuman akasema anakwenda, ataongoza msafara na pikipiki mbele, taa zinawaka. Raheli akasema wanaume hawa wameshaharibu mara moja, anafunga biashara anakwenda kuwasimamia. Mashine nayo ikawashwa, wakapandisha sauti juu ya mashine. Mdoe alikuwa ameinua simu hewani kama mtu anayeokoa kitu mafurikoni.

"Nawasikia mpo wengi," bibi alisema kutoka huko juu. "Njooni wote, chakula kipo. Ila nahitaji mmoja tu wa kukaa karibu na Hashim na kunyamaza, amsikilize mpaka mwisho, maana ana maneno. Nani kati yenu anaweza?"

Walijibu wote kwa pamoja. Benedicto alikuwa anaeleza alivyozaliwa mkimya, ukoo wao mzima wakimya tangu Tabora. Athuman anaapa. Raheli anamwambia Athuman anyamaze yeye aseme. Mdoe, jasho linamtoka, anaanza kumwambia bibi kuhusu posa moja ya Sindeni ambayo alisikiliza toka asubuhi mpaka magharibi.

Hussein peke yake hakujibu. Alikuwa amesimama mbele yao, kidole juu, anasubiri aruhusiwe.