Kadi Memori na Adui wa Kwaya

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025

Kuna mtu amegusa kompyuta yangu! Waya umesogea kushoto, upana wa kidole. Mimi huuacha kulia. Miaka kumi na minne naipigia kwaya yetu ya mtaa wa Kamalondo muziki kwa mashine hii, iliyoundwa kabla ya nusu ya wanakwaya kuzaliwa. Diski yake ilikufa zamani. Mahali pake nimeweka kisanduku kidogo kinachosoma nyimbo kutoka kwenye kadi memori, na mashine inadanganyika kwamba diski bado ipo. Kazi ya mikono yangu. Na sasa waya! Sihitaji kupiga ramli. Yannick, mpiga gitaa, anakitamani kiti changu kando ya altare.

Nimemtegea. Kisanduku kinaweza kuandika kwenye kadi kila jambo kinalolifanya, hatua kwa hatua. Nimekiamuru kiandike yote. Akigusa tu, nimemkamata.

Jumapili, tarehe 1 Juni

Aibu! Wimbo wa matoleo hufunguka kwa sekunde nne. Leo umechukua dakika tatu. Tatu! Akina mama wamesimama katikati ya kanisa, vikapu vya ndizi kichwani, mguu mmoja mbele, wananitazama. Maman Émerance, rais wa kwaya, akaninong'oneza mpaka watu wa viti vya nyuma wakasikia: "Papa Kasonde, mashini yako iko nalala?" Kabla sijajibu, Yannick akaanza gitaa. Wakacheza hadi altareni. Padri mwenyewe alitikisa mabega, nilimwona.

Baada ya misa Maman Émerance akanieleza kwa upole, na upole wake ndio unaoudhi, kwamba Jumapili ijayo ni Pentekoste. Nikichelewesha wimbo tena, kiti ni cha Yannick, na mashine inakwenda stoo pamoja na wanyama wa pango la Noeli.

Nani kaipunguzia mashine mbio? Jibu liko wazi. Nimekiamuru kisanduku kiandike kwa urefu zaidi.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Dakika tano! Nimekwenda soko la Kampemba kwa Caleb, aliyeniuzia kadi. Nikamwambia ameniuzia takataka. Akaitia kwenye simu yake mbele ya watu, video ikacheza bila kukwama. Akasema kadi bado kijana, labda mwenye kadi ndiye amezeeka. Wakacheka, hadi muuza sambusa!

Nimenunua nyingine, kubwa mara nne, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Nikanakili kila kitu kutoka ile ya zamani, mtego ukiwemo. Dakika tano na nusu.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimesugua mashine kwa spiriti. Bure. Nimeifunika kwa karatasi ya alumini, maana gitaa la umeme lazima linatoa mawimbi. Bure. Yannick akapita, akauliza kama nahitaji msaada. Ujeuri ulioje!

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Maman Émerance kaniletea mpwa wake Léonie, fundi wa simu. Sikumwita. Akaitia kadi kwenye kompyuta yake, akaguna. "Papa, kadi haina na shida. Ni weye unaiambia iandike kila kitu. Kipande kimoja ya wimbo, iko naandika mistari kumi, njo maana iko nachelewa." Akazima uandishi.

Sekunde nne! Maman Émerance alipiga makofi. Nilikaa kwenye kiti changu na machozi yakanilengalenga, siwezi kuficha.

Kisha nikasoma yaliyoandikwa. Maelfu ya mistari. Jina la Yannick halimo hata mara moja! Mjanja kiasi hicho.

Njiani nikawaza. Léonie alikataa malipo, hata soda. Alipotoka alimsalimia Yannick kwa jina. Na kitu cha kwanza alichozima ni mtego wangu! Nikageuza njia, nikarudi kanisani. Nimeuwasha tena.

Jumapili, tarehe 8 Juni, Pentekoste

Dakika saba.

Yannick kapiga misa nzima. Bibi mmoja alinishika mkono na kunipa pole kama mfiwa. Mashine iko stoo, kati ya ng'ombe na punda wa Noeli. Inaniuma. Nimeipigia goti kuichomoa waya, mimi mwenyewe, mbele yao.

Maman Émerance kanisaidia kuibeba. Katika mazungumzo akasema kwamba yeye hupangusa vumbi kanisani kila Ijumaa, na kama wiki ile alisogeza waya nimsamehe.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Anamfichia Yannick! Sasa wako watatu. Nimeagiza kisanduku cha pili, kitakachoandika kila kinachofanywa na cha kwanza.

Mchana nimepita stoo kuangalia. Punda amesogea kushoto, upana wa kidole.