Gurudumu Linafikika, Ila Halipandiki

Kwa Mhariri wa Barua za Wasomaji,
Dawati la pili kutoka dirishani.

Ndugu Mhariri,

Bodi ya bustani ya michezo imeamua, kwa kura tano dhidi ya mbili, kulilaza chini gurudumu kubwa la bembea ili watu wenye ulemavu nao waweze kulipanda. Hayo yalisemwa jana saa nne na robo asubuhi na meneja wa bustani. Aliyasema akiwa juu ya ngazi kumi na moja za gurudumu hilo hilo. Mimi nilimsikia nikiwa chini yake, kwenye kiti changu cha magurudumu. Kazi ya kulilaza itaanza Jumatatu tarehe 16.

Unanijua kwa miaka thelathini na moja, na kwa muda wote huo sijawahi kukuletea barua, nimekuletea habari. Hii nimeshindwa kuiandika kama habari kwa sababu nina maslahi ndani yake, na wewe mwenyewe ndiye uliyebandika ukutani karatasi inayosema kwamba mwenye maslahi akae kando. Nimekaa kando. Naandika kama msomaji.

Maslahi yangu ni haya. Kila mwaka, siku tuliyofunga ndoa, mke wangu hupanda gurudumu hilo. Huzunguka nalo dakika tisa. Mimi hubaki chini nimemshikia mkoba. Mwaka huu itakuwa mara ya thelathini na tatu. Wauza bisi wa pale hawanijui kwa jina wala kwa kazi, wananiita Mshika Mkoba, na wakiniona huniuliza, "Leo mzito?" Nataka walau mara moja, kabla hatujafikia umri wa kukatazwa kila kitu, nikae ubavuni mwake kule juu. Gurudumu likishalazwa hakutakuwa na juu.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo, kwa mpangilio wa kutokea kwake:

1. Kuhusu neno "linafikika". Mwezi uliopita meneja alitangaza kwamba gurudumu "sasa linafikika kwa watu wote". Nikaenda. Nikakuta mchoro wa bluu wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, umepakwa vizuri kwa rangi ya mafuta, na mshale unaoelekeza juu. Umepakwa kwenye ngazi ya kwanza. Ngazi ni kumi na moja, kila moja ina kimo cha sentimita kumi na sita. Tatu za chini nilizipima mwenyewe. Nane za juu alizipima mke wangu alipokuwa anashuka. Nilipomuuliza meneja, naye akaniuliza kama gurudumu nimelifikia au sijalifikia. Nikanyoosha mkono, nikagusa nguzo, nikakiri kwamba nimelifikia. "Basi, mzee wangu," akasema. "Mimi nilisema linafikika. Kuna siku umenisikia nikisema linapandika?" Nikarudia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Hakuna siku.

2. Kuhusu twiga. Langoni pana ubao uliochorwa twiga, na shingoni mwake pamepigwa mstari wenye maneno: ASIYEFIKA HAPA AJE NA MZAZI. Nilipimwa nilivyo, yaani nimeketi, nikapungukiwa vidole vinne. Nikamweleza mlinzi kwamba nina miaka hamsini na tisa. Akanijibu kwa adabu kwamba shikamoo, lakini twiga hapimi miaka.

Kwa kuwa kanuni ni kanuni, Ijumaa nilimleta mzazi. Mama yangu ana miaka themanini na tatu na alivaa viatu vya kutokea. Mlinzi akamsomea ubao wa pili: waliozidi miaka sabini hawaruhusiwi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Sasa baba, huyu mdogo mno, mimi mkubwa mno. Ulitaka nimzae lini?" Mlinzi akasema swali hilo ni zuri na atalipeleka ofisini. Mpaka naandika halijajibiwa. Tulichoambulia ni ukanda wa plastiki wa watoto, wenye picha ya kifaranga cha bata, ambao ukishafungwa mkononi haufunguki bila mkasi wa ofisi. Mkasi ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameshaondoka. Jumatatu nikauvaa kwenye mkutano wa meya na wanahabari. Nilipoinua mkono, meya akasema, "Swali kutoka kwa kijana pale."

3. Kuhusu kubebwa. Meneja alisema ngazi zisiwe hoja, vijana wake watanibeba. Walikuja wawili. Mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe shika upande wa kichwa, mimi nashika miguu, ukifika konani uinue." Niliwaarifu kwamba kabati wanalolihamisha linasikia. Tulifika ngazi ya nne, wakasimama kushauriana, kiatu changu cha kushoto kikaanguka, na mtoto mmoja akakifuata akiwa ameketi kwenye kiti changu cha magurudumu, anajisukuma vizuri tu. Wakanirudisha chini. Sikuumia. Kiatu nilikipata.

4. Kuhusu gari la bata. Baada ya hapo nilielekezwa kwenye mchezo uliotengwa kwa ajili ya wale ambao bustani inawaita "watu maalumu". Ni gari lenye umbo la bata, linalopita juu ya reli isiyo na mwinuko wowote, kuzunguka bustani ya maua. Linapigiwa wimbo wa kubembeleza watoto walale. Nililipima kwa saa: mzunguko mmoja ni dakika sita. Njia hiyo hiyo, kwa kiti changu na mikono yangu, ni dakika nne. Kila nusu mzunguko mhudumu aliinama na kuniuliza, "Mzee, uko salama?" Nilikuwa salama kupita kiasi. Kule juu watu wazima, wafanyakazi wa benki na walimu wakuu, walikuwa wanapiga mayowe na kumwita Mungu kwa majina yake yote, nami nikaulizwa kama jua halinichomi. Sidhani ni jambo la kujivunia kwamba katika mji mzima woga unagawiwa wenye miguu peke yao. Tulipangwa foleni moja tulipochanjwa, tunapanga foleni moja kupiga kura. Kwenye kuogopa, nimepewa bata.

5. Kuhusu nyumba ya giza. Hili halinihusu mimi bali rafiki yangu, fundi wa kusuka viti ambaye haoni tangu utotoni. Alikataliwa kuingia nyumba ya mizimu kwa maelezo kwamba mle ndani ni giza totoro na anaweza kujigonga. Wanaoingia wenye macho huingia kwa sharti la kutoona kitu. Yeye, aliyekuja na sharti lake tayari, akarudishwa. Dakika ishirini baadaye umeme ulikatika na mlango wa nyumba hiyo ukakataa kufunguka, watu kumi na saba wakiwa ndani. Mlinzi alimfuata fundi kwenye benchi alipokuwa anakula bisi, akamwomba tafadhali aingie. Aliwatoa wote kwa mstari, kila mmoja ameshika shati la mwenzake, yeye akiwa mbele na fimbo. Alipoomba sasa aruhusiwe kuingia kama mteja, aliambiwa kanuni haijabadilika.

6. Kuhusu kikao cha bodi. Malalamiko yote hayo niliyapeleka kwa maandishi, nakala tatu. Nikaitwa kikaoni, ghorofa ya kwanza, nikasikiliza kutoka uani kupitia dirisha. Wenyeviti tulikuwa wawili, ila ni mimi tu niliyekuja na changu.

Nitaeleza kilichotokea bila kuongeza neno. Mjumbe mmoja alisema kwamba tatizo la mlalamikaji si ngazi bali urefu wa kwenda juu. Mjumbe wa pili akasema, basi urefu upunguzwe. Wa tatu akauliza upunguzwe kiasi gani ili pasiwe na mtu wa kubaguliwa tena, na meneja, ambaye ndiye aliyekuwa mwandishi wa kikao, akajibu papo hapo, "Wote." Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kulilaza gurudumu. Litawekwa chali juu ya nyasi, vikapu vyake ishirini na vinne vikiangalia mbinguni, na kila mtu ataketi katika kikapu chake kwa usawa kamili. Halitazunguka, maana mota inakaa upande ambao sasa utakuwa chini. Mwenyekiti alisema kutozunguka kutaongeza usalama. Wakapiga makofi.

Waliopinga walikuwa wawili. Mmoja alidhani kura ilikuwa ya chai. Wa pili ni fundi wa mitambo, mama mmoja mwenye mikono ya grisi, ambaye amelihudumia gurudumu hilo miaka kumi na tisa. Alisema kinachotakiwa ni njia ya mteremko ya mita ishirini na moja, ikunjwe mara moja nyuma ya kibanda cha tiketi, na mbao ziko stoo. Nikifika usawa wa kikapu, nitahama mwenyewe kutoka kiti hadi kiti; polio ilinipata nina miaka minne, na nimekuwa nikihama viti tangu siku hizo. Bodi haikumpinga. Ilisema tu kwamba mteremko haukuwa kwenye ajenda.

Ndugu Mhariri, mimi si mtu wa kukataa usawa nikishaletewa. Kama bodi imeamua kwamba kisichofikiwa na mmoja kiteremshwe kwa wote, naomba isiishie njiani. Kila anayeingia langoni apimwe kwa twiga akiwa ameketi, meya akiwa wa kwanza, na avae kifaranga. Kila mteja abebwe mpaka ngazi ya nne, apotezewe kiatu, arudishwe. Ofisi ya meneja iko ghorofa ya pili. Nayo ilazwe, pamoja na mkasi wake. Mahakama ina ngazi kumi na nne, benki ina tisa, na ofisi yako, unisamehe, ina tatu, ambazo kwa miaka thelathini na moja nimezikwepa kwa kupitia mlango wa kupakulia magazeti. Zote zilazwe. Mji mzima ukishalala chali hapatakuwa na mtu wa juu wala wa chini, na tutakuwa sawasawa, ila hatutakuwa na pa kwenda.

Kama hayo ni makubwa, basi naomba dogo: mita ishirini na moja za mbao. Fundi wa mitambo amepata ruhusa ya kuzitandika kwa majaribio Jumamosi tarehe 14, saa kumi jioni, ili wajumbe waone kwa macho yao kabla nyundo hazijaanza Jumatatu. Siku hiyo ndiyo siku tuliyofunga ndoa. Nimeshika mikoba ya kutosha.

Nakomea hapo kwa kuwa upande huu wa karatasi umejaa, na wewe hupendi barua zinazogeuka nyuma. Nisalimie dawati la michezo, na mpiga picha wa zamu, ambaye bado ana mwavuli wangu. Msalimie pia anayechemsha chai, na mwambie nimeacha sukari kweli safari hii. Mama anawasalimu wote na anauliza kama lile swali lake limejibiwa.

Ni mimi, mwandishi wako wa habari za baraza,
dawati la nne, lile la karibu na mlango mpana,
Mshika Mkoba.

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimpa mke wangu barua hii aikague tahajia. Ameirudisha na sahihisho moja: si mara ya thelathini na tatu, ni ya thelathini na nne, maana mwaka nilipolazwa hospitali alikwenda peke yake, mkoba akamshikisha muuza bisi. Kisha akasema maneno haya, nami nikayaandika hapo hapo: "Mume wangu, wewe ni mtu mwema, Mungu anajua. Lakini unaamka na maswali, unalala na maswali. Nani kapiga simu, kapiga saa ngapi, kasema nini kwanza. Zile dakika tisa ndizo pekee mwaka mzima ambazo hakuna anayeniuliza kitu. Ulidhani napanda kwenda kuangalia nini?"

Nilimuuliza ni tangu lini.

Akasema, "Umeona?"

Kwa hiyo hoja yangu yote hapo juu imeanguka. Kiti nilichokipigania kina mwenyewe, na mwenyewe anakitaka kikae kitupu. Ninakiri kwamba ngazi zile kumi na moja zimeilinda ndoa yangu muda wote huu bila mimi kuzishukuru. Lakini nakukumbusha karatasi yako ya ukutani: maslahi yangu yamekwisha, maana yake sina tena sababu ya kukaa kando. Futa barua hii, nipangie kazi hiyo kama habari.

Mbao zinatandikwa Jumamosi tarehe 14, saa kumi jioni, kama ilivyopangwa. Mke wangu atapanda kikapu namba sita, peke yake. Mimi fundi ameniandikia namba saba, na kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Mfikishie meneja ujumbe kwamba nimemwekea yeye. Ni dakika tisa, mlango unafungwa kwa nje, na nina maswali arobaini. Mkoba nitakuwa nao.